BASI LIKILALA LIKIZO, MAJI YA REJETA HUENDA WAPI?

Shule nyingi za bweni humu nchini zina basi la manjano, na basi hilo, kama sisi wanafunzi, huenda likizo. Tofauti ni kwamba sisi huenda nyumbani kula chapati za Krismasi, nalo huachwa limeegeshwa nyuma ya jikoni au chini ya mkaratusi tangu Novemba hadi Januari, hakuna wa kulisemesha. Siku shule inapofunguliwa dereva hulisogeza, na pale lilipokuwa limesimama hubaki kidimbwi kidogo kisichozidi ukubwa wa sahani ya ugali. Watu hukitazama. Mmoja huuliza, na mwingine, ambaye aghalabu ndiye mwenye haraka zaidi, hujibu: "Aa, ni maji tu. Ongeza twende."

Ni jibu hilo la "maji tu" ambalo nataka tulichunguze. Kwanza, aghalabu si maji tu. Pili, hata kama yangekuwa maji matupu, kinachopotea kupitia kijitundu hicho si maji peke yake. Nami naona afadhali tuyajue haya kabla ya kupanda basi kwenda kongamano la Kiswahili kuliko tukiwa tumesimama kando ya barabara tukihesabu malori.

Injini huchoma mafuta, na sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta hayo haiyageuzi magurudumu hata kidogo, bali hugeuka joto tu. Joto hilo lisipoondolewa, chuma hujikunja na mafuta ya injini hupoteza utelezi. Kwa hiyo kuna pampu inayosukuma maji kupitia vijia vilivyomo ndani ya chuma cha injini. Maji yakishapata moto hupita kwenye mpira wa juu hadi rejeta, hupozwa na upepo na feni, kisha hurudi kwa mpira wa chini. Katikati ya njia kuna kijilango kiitwacho thamostati. Injini ikiwa baridi hujifunga, ili ipate joto upesi. Maji yakifikia nyuzi 82 hadi 88 hivi, kutegemea gari lenyewe, hufunguka. Kando yake kuna chupa ya plastiki ya akiba yenye alama mbili, ya chini na ya juu.

Mambo hayakuwa hivi tangu awali. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 halikuwa na rejeta. Maji yalichemka tu na kwenda zake hewani, na dereva alilazimika kuongeza mengine njiani kila mara. Wilhelm Maybach ndiye aliyeitengeneza rejeta yenye vitundu kama sega la nyuki kwa ajili ya gari la kwanza la Mercedes, mwishoni mwa mwaka 1900. Tangu hapo maji yakawa ya kuzunguka, si ya kumwagwa. Dereva anayeongeza lita mbili kila asubuhi amerudi kwa Benz bila kujua!

Sasa tuje kwenye kifuniko cha rejeta, kwani hapo ndipo siri ilipo. Wengi wetu hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike gari linaporuka mashimo. La hasha. Kifuniko hicho kina springi na kipete cha mpira, na juu yake huandikwa nambari kama 0.9 au 1.1. Nambari hiyo ni kiasi cha presha ambacho kifuniko kitakizuia ndani kabla ya kukiachilia, na 1 hapo inakaribia kuwa sawa na uzito wa hewa yote inayotuelemea tukiwa ufuoni Mombasa. (Msamiati wa vitabuni ni kanieneo au shinikizo, najua. Lakini mwambie fundi wa jua kali kwamba rejeta yako imepoteza kanieneo uone atakavyokutazama. Walimu wetu waniwie radhi, nitasema presha.)

Kwa nini presha? Kwa sababu maji yakibanwa hukawia kuchemka. Mombasa, maji yaliyo wazi sufuriani huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, hewa ni nyepesi zaidi, nayo huchemka karibu na nyuzi 94. Panda sasa hadi Timboroa, kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, ambako kimo kinazidi mita 2,700: huko maji huchemka karibu na nyuzi 91. Ndiyo maana maharagwe ya huko hukawia kuiva, wala si uvivu wa mpishi. Lakini ndani ya rejeta yenye kifuniko kizima cha 0.9, maji hayohayo hapohapo Timboroa hayachemki mpaka yapite nyuzi 110.

Hebu toboa rejeta hiyo kijitundu cha sindano. Maji yanayotoka ni tone kwa tone, hata hayatoshi kunawia mikono. Lakini tundu likiizuia presha isijengeke, injini imerudishwa kwenye nyuzi 91. Na tumesema thamostati yenyewe hufunguka kwa 82 au 88. Kati ya joto la kawaida la kazi na kuchemka kumebaki nyuzi tatu, labda tisa. Basi lenye wanafunzi hamsini, masanduku juu, likipanda mlima kwa gia ya pili jua la saa nane, nyuzi hizo tisa humalizika kabla ya wimbo wa pili kwisha. Ndiyo sababu gari linalovuja kidogo huweza kuzunguka mjini wiki nzima bila kisa, halafu likaaibika mlimani. Dereva ataapa kwamba lilikuwa zima jana, naye hadanganyi.

Labda utauliza: kwa nini gari lililokuwa limepumzika ndilo livuje? Si kazi ndiyo huchosha? Naam, lakini kusimama nako kuna madhara yake. Mipira ya maji, ambayo gari likitembea hupata joto na kulainika, hukauka ikikaa baridi majuma mengi, na ncha zake zinazobanwa na klipu hupata nyufa ndogondogo. Chuma na mpira havinywei sawasawa usiku wa baridi, kwa hiyo mbano uliokuwa imara Oktoba huwa umelegea Januari. Pampu ya maji ina kizibo ndani yake ambacho hutegemea kuzunguka ili kikae sawa. Kisipozunguka hukauka na kushikana. Kipete cha kifuniko nacho hukakamaa. Na mahali popote ambapo kutu ilikuwa imeanza kula chuma, hupata miezi miwili ya kuendelea kula kwa utulivu kabisa.

Wenzetu wa nchi za baridi wanaijua habari hii kuliko sisi. Kanada, kwa mfano, au Finland, wapo watu wanaofungia magari yao bandani tangu karibu Novemba hadi theluji iyeyuke: magari ya kale ya thamani, au yale magari makubwa ya kulala ndani safarini. Hofu yao si kuchemka bali kuganda. Maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na barafu ikikosa nafasi hupasua chuma cha injini kama unavyopasua kuni. Kwa sababu hiyo huchanganya maji na kimiminika kiitwacho glaikoli, nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo hauanzi kuganda mpaka takriban nyuzi 37 chini ya sifuri. Zamani walitumia spiriti, ambayo ilikuwa ikitoweka kwa mvuke upesi. Mwaka 1927 kampuni ya Marekani iitwayo Union Carbide ilianza kuuza glaikoli kwa jina la Prestone, na desturi ikaenea. Mafundi wetu huita kimiminika hicho kulanti.

Wapo wanaosema, "Kwetu hakuna barafu, kulanti ya nini?" Ni kweli kwamba sakitu ya Kinangop huishia kwenye viazi, haipasui injini. Lakini barafu ilikuwa nusu tu ya habari. Ndani ya kulanti mna dawa za kuzuia kutu, na glaikoli yenyewe hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa zaidi. Tukijaza maji matupu ya kisima, hasa yale ya chumvi, tunaikaribisha kutu kwa mikono miwili, na magadi hushikamana ndani ya mirija kama yanavyoshikamana ndani ya birika la chai.

Na hapa ndipo "ongeza twende" inapodhuru, huko ughaibuni na hapa kwetu vilevile. Tuseme basi lina lita 20 za mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Linavuja lita mbili, dereva anaongeza lita mbili za maji ya mfereji. Kulanti imeshuka kutoka asilimia 50 hadi 45. Linavuja tena, anaongeza tena: 40 na nusu. Mwalimu wa Hisabati atakubali kwamba kila mara tunabaki na sehemu tisa kwa kumi ya kilichokuwamo. Baada ya mara tano tuko chini ya asilimia 30. Kule Kanada mchanganyiko wa namna hiyo huganda karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri, na baridi ya kule hushuka chini ya hapo sana. Mwenye gari atalikuta limepasuka katika majira ya kuchipua. Kwetu halipasuki, ila dawa ya kutu imepungua karibu nusu, na chuma kinaliwa kutoka ndani pasipo mtu kuona. Ufa mdogo umezaa mwingine.

Basi ufanyeje ukikuta kidimbwi? Jambo la kwanza ni kutoliwasha gari. Nalisisitiza hili kwa sababu kila mtu hukimbilia ufunguo. Gari baridi, lililotulia, lina ushahidi mwingi. Ukiliwasha feni hurusha matone kila upande na ushahidi wote huchafuka. Tazama kilichomwagika. Gusa kwa kipande cha tishu au karatasi nyeupe. Kikiwa cheusi na kinateleza ni mafuta ya injini, na hiyo ni habari nyingine. Kikiwa kijani, waridi au rangi ya machungwa na kinanukia utamu utamu, ni kulanti. Kikiwa angavu kama maji ya mvua, huenda ni maji ya rejeta iliyojazwa maji matupu, au pengine ni mvua yenyewe iliyotuama juu ya paa. Kama kidimbwi kimekauka, huacha ukoko mweupe au wa rangi mahali kilipokuwa, na ukoko huohuo hupatikana pia juu, pale kinapotokea. Ufuate ukoko kama mwindaji afuatavyo nyayo. Kumbuka tu kwamba kioevu hushuka na kutambaa: mahali kinapodondokea si lazima pawe ndipo kilipoanzia. Anzia juu.

Kama hujaona kitu, funika sakafu chini ya injini kwa maboksi ya kadibodi yaliyofunguliwa, weka alama ya kalamu kwenye chupa ya akiba, na ulale. Asubuhi kadibodi itakuonyesha tone limeanguka mkabala na nini. Ni hila ya bei rahisi, na kwa maoni yangu inashinda kubahatisha kwa fundi mwenye maneno mengi. Gereji zilizoendelea zina pampu ya mkono inayofungwa mahali pa kifuniko. Fundi hupampu hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, kisha huketi akitazama mshale. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja, na kwa kuwa injini ni baridi, unaweza kupapasa kila pahali bila kuungua. Kama basi la shule linapelekwa kukaguliwa, omba kipimo hicho kwa jina: "Nipimie presha ya rejeta, na ya kifuniko pia." Kifuniko kipya ni kitu cha bei nafuu, na mara nyingi ndicho mkosaji huku watu wakifungua injini nzima.

Mkosaji wa pili kwa wingi ni mpira pale kwenye klipu. Kaza kidogo, usikaze kama unayefunga mbuzi mtoro, maana klipu itaukata mpira. Ikiwa ufa uko kwenye ncha tu na mpira una urefu wa kutosha, fundi anaweza kukata sentimita mbili tatu na kuuvalisha upya. Ukiubinya mpira na ukasikia ukitatarika ndani kama jani kavu, mpira huo umemaliza kazi, ubadilishwe. Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini yake, kimewekwa makusudi na watengenezaji. Kikitoa tone moja au mawili gari lilipoamka na kisha kikakauka, endelea kukichunguza. Kikiendelea kudondosha, pampu ibadilishwe. Kukiziba kitundu hicho ni kumziba mtu mdomo asiseme kuna moto.

Rejeta yenyewe inategemea umri. Zile za zamani za shaba fundi wa jua kali huzilehemu vizuri sana, nami nimeona kazi yao ikidumu. Zile za siku hizi ni za alumini na vichwa vya plastiki, na plastiki iliyopasuka hailehemiki. Gundi itakufikisha nyumbani, si Kisumu. Kuhusu dawa za kuziba zinazouzwa kwenye vichupa, na lile yai bichi ambalo kila abiria mzee hulipendekeza, ni kweli huweza kuziba. Tatizo ni kwamba hazijui tundu lipi ni la kuvuja na lipi ni la kupitisha maji. Yai huiva ndani na kuziba mirija myembamba ya rejeta. Vitu hivyo ni vya dharura porini.

Kuna dalili nyingine ambazo zikionekana, suala si dogo tena: maji yanapungua lakini nje ni kukavu kabisa, moshi mweupe mzito hautoki tu asubuhi bali mchana kutwa, au ukifungua kifuniko cha mafuta ya injini unakuta uji kama chai ya maziwa. Hapo maji yanaingia ndani ya injini, na gasketi ya silinda hedi ndiyo inayoshukiwa. Gari hilo lisiende popote isipokuwa kwa fundi, tena kwa kuvutwa. Na usidanganywe na geji ya joto: maji yakipungua sana kikaguzi cha joto huachwa kwenye mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua.

Nimeliacha makusudi jambo la hatari zaidi ili lisimame peke yake. Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto. Tumeona kwamba mle ndani maji huweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa. Ukifungua, presha huondoka mara moja, na maji hayo yote hutaka kuwa mvuke kwa wakati mmoja. Hurukia uso, kifua na mikono ya aliyefungua, na ya aliyeinama begani pake kutazama. Subiri mpaka uweze kuubinya mpira wa juu kwa mkono mtupu bila kuhisi ugumu wala moto. Mara nyingi ni nusu saa au saa nzima. Kisha weka kitambaa kinene, zungusha kidogo hadi kituo cha kwanza, acha pumzi itoke, ndipo umalizie. Wala usimimine maji baridi kwenye injini inayotokota; chuma hupasuka kama gilasi. Makanga wengi wana makovu ya somo hili.

Na kulanti yenyewe ni sumu. Ina utamu, ndiyo ubaya wake: mbwa wa askari wa usiku huilamba sakafuni na figo zake huharibika, na mtoto wa mfanyakazi wa shule anayecheza karibu na banda hana tofauti na mbwa huyo kwa jambo hili. Kidimbwi kifutwe kwa matambara, palowe maji mengi na sabuni, na matambara yasitupwe wanakopita kuku na watoto. Kilichobaki kiwekwe kwenye mtungi wake wenye maandishi. Ile tabia ya kuiweka kwenye chupa ya soda ikome. Mtu mwenye kiu hasomi rangi. Tukizungumzia rangi, usichanganye kulanti kwa kufananisha rangi tu. Watengenezaji hawakukubaliana rangi ipi iwe na dawa ipi, kwa hiyo kitabu cha gari ndicho kiamue.

Kwa basi linalolala hadi Januari, ninayoyashauri ni machache. Likiegeshwa lisimwagwe maji, kwani chuma chenye unyevu na hewa hushika kutu haraka kuliko kilichojaa. Lijazwe mchanganyiko unaofaa, kwa maji ya mvua yaliyochujwa au maji ya betri. Mara moja kila majuma mawili dereva au fundi aliwashe, si kwa dakika tano za kupigia honi, bali hadi mpira wa juu upate moto na maji yazunguke, kisha alizungushe uwanjani. Kabla ya kuliwasha aangalie kadibodi.

Na kwenye daftari la safari, pale dereva anapoandika lita za dizeli, aongeze safu moja: tarehe, maji yaliyoongezwa, kilomita. Nusu lita kwa muhula inaelezeka. Nusu lita kati ya shule na kituo cha petroli haielezeki, na mwalimu wa zamu akiiona ana haki ya kusema safari ya Eldoret ingoje mpaka Jumatatu.